Redio ya Baba kwenye Mteremko wa Nyakiriba

Enzi zetu Gisenyi, kabla simu haijaingia kila mfuko, sauti ya baba ilitufikia nyumbani kwa redio ya lori. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, barabara imeanza kutulia, na baba akibeba viazi kutoka Kanzenze. Redio moja ya mawasiliano aliifunga kwenye lori. Nyingine ilikaa mezani kwetu, karibu na sufuria ya maharage.

Kibali kiliruhusu wati nne tu. Safari, jirani yetu na dereva mwenzake baba, alicheka mpaka akashika ukuta. "Wati ine? Hiyo haifike hata ku Goma hapa karibu. Ongeza nguvu, nani atajua?" Baba alikataa. Na kweli, mwanzoni tulisikia mikwaruzo tu. Lakini mama hakuwa mtu wa kushindwa. Alitukusanya watoto wote tushike kamba, akasimamisha nguzo ndefu ya mkaratusi nyuma ya nyumba, antena ikiwa kileleni. Baba naye akaihamisha ya kwake kutoka kwenye bampa hadi juu ya paa la lori. Jioni ile tulimsikia akikohoa kutoka Nyakiriba, tukacheza uani kama wenye harusi.

Nyumba yetu ilikuwa pale mteremko wa Nyakiriba unapoishia, karibu na soko. Siku moja ya soko, jua likiwa kali, redio iliita.

"Mama Neema, freni haishike tena. Niko nashuka. Toa batu mu njia."

Mama aliposikia breki zimekufa hakupiga kelele. "Nimesikia. Mbele ya soko, ku kushoto, iko muchanga mingi ya bafundi. Ingiza gari pale."

Tukatoka mbio. Sisi watoto tulipiga masufuria, akina mama wakavuta vikapu vyao, wenye baiskeli wakarukia mtaroni. Safari mwenyewe alimbeba mgongoni bibi muuza ndizi, naye bibi akimgombeza kwa Kinyarwanda njia nzima. Barabara ikabaki tupu. Kisha lori likatokea, honi ikilia bila kukoma, likapita mbele yetu kama upepo na kujichimbia mchangani mpaka kwenye taa. Viazi vilimwagika kila upande. Hakuumia hata kuku.

Baba alishuka. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Chakula imepoa." Soko lote likalipuka kwa vigelegele, na mimi nilijiona binti wa mfalme. Kesho yake Safari alikuja kumuuliza mama, kwa sauti ya chini sana, mkaratusi mrefu kama ule unapatikana wapi.

Vijana wa leo wanalalamika ujumbe ukichelewa kidogo. Sisi sauti moja ilipofika, nyumba nzima ilinyamaza kuisikiliza. Mwanangu ana simu inayoongea na watu wa Ulaya, lakini nikimpigia aje kula, naye yuko chumba cha pili, hapatikani.