Siku Nilipounganisha Pedali ya Maliro

Mume wangu Maliro alikuwa fundi wa kushona pale Bulengera, na Jumapili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Hakujua kugombana na mtu. Alichokipenda kuliko kitu chochote ni pedali yake, chuma bapa chenye vitufe vya kukanyaga, kinachogeuza sauti ya gitaa. Jioni nyingi Siméon, prezida wa kwaya, alileta kompyuta yake kwetu, wakaiunganisha na pedali kwa kable ya USB, wakarekodi. Mimi sikusoma, lakini nilikuwa nikipika hapo hapo, na macho ninayo.

Mwaka wa 2014 watu wakaanza kuuawa karibu na Oicha. Maliro akaenda kupiga gitaa kwenye ndoa huko. Barabarani, kwenye kizuizi, askari wakafungua mfuko wake, wakaona taa, vitufe na kable. Wakasema ni redio ya kuita waasi. Wakamfunga mjini Beni. Waliofungwa kwa neno hilo kabla yake, wake zao walirudishiwa nguo tu.

Nikaenda kwa Siméon.

"Papa Siméon, twende ubaonyeshe. Weye njo unajua ile mashini."

"Mama Kavugho, miye niko na batoto."

"Na Maliro iko na mbuzi?"

Akanipitishia kompyuta dirishani, akafunga.

Huko Beni, pedali ilikuwa juu ya meza ya komanda, imefungwa kamba kama mwizi.

"Unajua kusoma, mama?"

"Hapana, mukubwa."

"Donc utatuonyesha nini?" Askari wakacheka.

Nikafungua wimbo mmoja wa Maliro kwenye kompyuta. Ukatoka vizuri, hata komanda akagongagonga meza kwa kidole. Kisha nikawasha pedali, nikachomeka kable. Wimbo ukakatika. Kwenye kioo mistari iliendelea kurukaruka, lakini kompyuta ilikuwa kimya.

"Sauti imeenda wapi?"

"Imeingia mu pedali, mukubwa."

"Na kutoka mu pedali, inaenda kwa nani?"

Hakuna aliyecheka tena. Askari wa mlangoni alishusha bunduki begani.

Nilikuwa nimeliona jambo hili nyumbani mara nyingi: kable ikiingia, sauti huhamia kwenye pedali. Nikachakura mfuko wa Maliro, nikapata kaske yake ya masikio, nikaichomeka nyuma ya pedali. Nikamvisha komanda. Akasikiliza wimbo mpaka mwisho.

"Ni ya muziki kweli," akasema. "Muache ule bwana aende." Kisha akanitazama. "Mais wewe. Haukusoma, lakini unajua kable, unajua sauti inapita wapi. Nani alikufundisha?"

"Macho yangu, mukubwa."

"Andika hiyo," akamwambia karani. "Na huyu mama abakie."

Wakamtoa Maliro. Alitia saini, akachukua pedali na kompyuta, akapita mbele yangu.

"Vumilia, mama. Nitarudia na Siméon."

Miezi saba nililala kwenye sakafu ya pale. Kila mlango ulipofunguliwa nilidhani wananiita nje, nyuma ya nyumba, walikopelekwa wengine. Maliro hakuja, Siméon hakuja. Walichoogopa nakijua: atakayekuja kunitetea ataulizwa yeye alijuaje.

Waliponiachia, nilipofika Bulengera, Maliro alinivutia kiti kama mgeni. Sikukaa.