Damu ya Kitinda

Kaka yao alipofariki kwa saratani ya utumbo mpana, ugonjwa uleule uliomchukua baba, daktari aliwaita dada wawili waliobaki. Akawaeleza taratibu: damu yao itaangaliwa protini zinazoweza kuashiria ugonjwa, kisha itatafutwa kasoro ya vinasaba ambayo mtoto huirithi kwa mzazi. Mmoja anaweza kuwa nayo, alisema, mwenzake asiwe nayo.

Mkubwa alikuwa mshonaji, mtaa mzima ukimwita Fundi. Mdogo alibaki kuitwa Kitinda, ingawa alikuwa na watoto wake wawili. Fundi ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki, na maneno yale ya mwisho ya daktari yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kwa hiyo Kitinda alipoiona sindano akakimbilia chooni, Fundi, ambaye alikwisha kutolewa damu, alichukua kadi ya mdogo wake akaingia chumba cha pili cha kutolea damu, akajitoa kwa jina lake.

"Baba mmoja, mama mmoja," alimnong'oneza walipotoka. "Damu ni hiyohiyo."

Majibu yakaja: wote salama. Kitinda alicheka mpaka machozi, akasema hata maabara imeona hawana tofauti, ila dada amemzidi makalio.

Mwaka ukapita. Kitinda akaleta gauni lake la kijani lipunguzwe kiuno, Fundi akamtania kwamba anautafuta usichana. Baada ya miezi miwili akalileta tena. Mara ya tatu Fundi alimzungushia utepe, akasoma namba, akairudia. Inchi tano zilikuwa zimekwenda.

Akamuuliza choo chake kikoje. Kitinda akainamisha macho, akasema anaona damu, tena tangu kitambo, lakini hakujali, si majibu yalisema yuko salama?

Fundi aliketi kwenye kigoda cha cherehani.

"Mdogo wangu, wewe hukupimwa. Nilipimwa mimi mara mbili."

Kitinda hakumgombeza. Kesho yake hospitalini alinyoosha mkono mwenyewe, macho kayafumba. Vipimo vilifuatana wiki tatu. Kasoro ilikuwepo, na saratani ilikwisha kufika kwenye ini.

Jioni ya siku ya majibu alilala kwenye mkeka, pembeni ya cherehani, kama alipokuwa mdogo.

"Wanangu wakifikia umri, dada, kila mmoja atoe damu yake."

Fundi aliitikia. Akalivuta gauni la kijani, akashona mshono wa nne. Kitambaa kilichozidi hakukikata. Alikikunja ndani, akakibana kwa nyuzi zilizolegea, za kufumulika upesi mwili ukirudi.