Siku Tuliyotandaza Vitu vya Mama Kwenye Nyasi

Mama alisema anataka gereji ifunguliwe. Alilisema hilo asubuhi moja ya Januari huku akipuliza chai yake, kwa sauti ya mtu anayeomba asogezewe chumvi. Mimi na mke wangu tulitazamana. Tangu mama aje kuishi nasi hapa Kiamunyi hakuwa amekanyaga gereji ile hata mara moja, na sisi hatukuwa tumethubutu kuitaja mbele yake. Gari letu lilikuwa limezoea kulala nje, chini ya mti wa jakaranda, likiamka kila siku limefunikwa maua au vumbi.

Vitu vilivyojaa mle ndani vilikuwa vyake. Alikuwa na nyumba upande wa chini wa mji, karibu na ua wa mbuga ya wanyama, mahali ambapo zamani ziwa lilionekana kwa mbali tu, jeupe, kama shuka lililoanikwa. Kisha maji yakaanza kupanda. Hayakuja kwa kishindo. Kwanza shamba la sukuma wiki likawa tepetepe, halafu choo kikajaa, halafu asubuhi moja mama akamkuta chura ametulia ndani ya sufuria ya ugali. Siku tuliyomhamisha hapakuwa na hata wingu. Jua lilikuwa kali, ndege wanaimba, na maji yalikuwa yanaingia jikoni polepole, yakichipuka kutoka ardhini. Tulibeba vitu vichwani hadi barabarani, tukavipakia kwenye pikapu ya kukodi, tukaja kuvisukumiza ndani ya gereji hadi vikagusa mabati. Kitu cha mwisho kutoka kilikuwa mlango wa mbele, wa mbao, uliopakwa rangi ya buluu. Mama alikataa kuondoka bila huo mlango. Tukaung'oa.

"Unataka tufungue lini, mama?" nilimuuliza.

"Leo, baba. Chai ikiisha." Ananiita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake.

Tulikuwa tumetoka kulipa karo ya watoto na kuwarudisha shuleni, kwa hivyo ilieleweka bila kusemwa kwamba hakuna kitakachonunuliwa. Mke wangu ndiye mwenye mpango katika nyumba yetu. Alijifunga leso kichwani, akasema kila kitu kitoke nje kwanza, hata ufagio. "Huwezi kupanga kitu ukiwa umekikanyaga," alisema.

Lango la gereji lilikuwa limeshika kutu. Nilipolivuta lilipiga kelele, na harufu ikatutokea usoni: tope kavu, mafuta ya taa, na pareto, kwa sababu mama alikuwa amehifadhi magunia aliyokuwa akibebea pareto alipokuwa bado analima huko juu milimani. Mwanga wa asubuhi uliingia na kusimama ndani ya vumbi. Niliweza kuona mstari wa maji kwenye miguu ya kabati, wa rangi ya majivu, sawa kama uliochorwa na rula.

Mke wangu alikuwa amechagua sehemu za kuweka vitu kwenye nyasi. Vya kubaki hapa, vya kupeana pale, vya kutupa karibu na geti. Mimi nikatoa kitanda cha mama, nikauliza kiende wapi.

"Weka hapo," mama akasema, akionyesha mahali pasipokuwa pa kubaki wala pa kupeana.

Nikatoa meza. "Hiyo ni huku. Hapana, igeuze. Sawa." Nikatoa kabati. "Mgongo wake uangalie ua." Nikatoa viti, redio iliyokufa, jiko, ndoo, rafu ya vyombo. Kila kitu alikiamulia, bila haraka, akitembea katikati ya nyasi huku ameshika mkongojo wake nyuma ya mgongo kama mwalimu mkuu. Mke wangu ndiye aliyeng'amua kwanza. Alisimama na karai mkononi, akaniambia polepole, "Angalia vizuri. Hiyo ni nyumba yake."

Nikaangalia. Kitanda kilikuwa kimekaa mahali pa chumba chake, kichwa upande wa mlima Menengai. Jiko lilikuwa jikoni. Kati ya meza na kabati palikuwa na njia nyembamba ileile niliyopita nikiwa mdogo, nikijigonga kiuno kila mara. Hapakuwa na ukuta hata mmoja, lakini ningeweza kufumba macho na kufika kwenye mtungi wa maji. Upepo ulikuwa unapita ndani ya vyumba vyote kwa pamoja na kupeperusha mapazia ambayo mama alikuwa ametundika kwenye kamba ya nguo.

Sijui alijua tangu mwanzo anachofanya au mikono yake ndiyo iliyokumbuka. Sikumuuliza. Aliketi kwenye kiti chake cha zamani na kukunja shuka.

Mke wangu aliweka karai chini. Akazunguka nyumba hiyo isiyo na kuta, akafika mahali ambapo mlango ungekuwa, akasimama.

"Hodi!" akaita.

Mama aliinua macho. Mimi nikaogopa kwamba tumemuumiza. Kisha uso wake ukafunguka.

"Karibu, mtoto wangu. Ingia. Usijali hayo matope."

Tulikunywa chai ya saa nne humo, sisi watatu, kwenye meza ile. Majani makavu ya jakaranda yalikuwa yanadondoka mezani kutoka mahali ambapo zamani palikuwa na dari. Mama alitumiminia na hakumwaga hata tone.

Baadaye akaniomba nimpigie simu jirani yake wa zamani. Walikuwa wameishi wakitenganishwa na ua wa michongoma, na maji yalipokuja jirani huyo hakuwa na mtoto mwenye gereji. Aliokoa alichoweza kubeba, akapanga chumba kimoja mtaani Kaptembwo. Alifika mchana kwa pikipiki ya boda, mwembamba, amevaa sweta juu ya sweta ingawa jua lilikuwa linachoma. Akasimama getini akitazama vitu vile.

"Ala!" akasema. "Si hapo ndipo palikuwa na dirisha? Nilikuwa nakuona ukisonga ugali."

"Na wewe ulikuwa unajifanya umekuja kuomba kiberiti," mama akamjibu.

Jirani akaingia, akapita sebuleni, akapita jikoni, akatokea upande wa pili. Akaendelea kutembea hadi karibu na tangi letu la maji. Hapo palikuwa na nyasi tupu. Akageuka kutuelekea.

"Na hapa ni kwangu," akasema.

Mama akainuka, akachukua viti viwili na sufuria mbili, akamwendea. Akaviweka pale kwenye nyasi tupu, karibu na miguu ya mwenzake. Kisha akarudi, akachukua godoro. Mimi nikashika kabati na mke wangu akanisaidia kulikokota. Tulikuwa tumeanza kupeana vitu, na hakuna aliyekuwa ameuliza ni vya kubaki au vya kutupa.

Mvua ilikuja hapo. Ni nadra Januari, lakini bonde hili lina akili yake. Wingu lilishuka kutoka upande wa Menengai, tukasikia matone kwenye mabati ya jirani wa juu kabla hayajatufikia. Mke wangu akapiga kelele. Nilikimbia na redio iliyokufa, yeye akakimbia na picha za ukutani, jirani akakimbia na sufuria zake mpya kichwani. Tulipofika ndani ya gereji tuliangalia nyuma. Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda chake katikati ya mvua, kichwa wazi.

"Mama! Ingia ndani!"

"Wacha inyeshe," alisema, bila kupaza sauti sana. "Hii inatoka juu. Ile ilitoka chini."

Nilitaka kumfuata nimbebe. Jirani yake akanishika mkono. Akatoka yeye mwenyewe, na sweta zake mbili, akaenda kuketi kando yake. Walikaa pale wakinyeshewa kama wasichana waliotumwa mtoni wakachelewa kwa makusudi. Nilimwona mama akicheka, halafu nikaona si kicheko peke yake, na yule mwenzake akamwekea mkono begani. Miaka yote aliyoishi nasi hakuwa amelia. Mvua haikudumu. Jua lilirudi na nyasi zote zikaanza kufuka mvuke, na vile vitu vilionekana kama vinaelea.

Kupanga gereji kulichukua siku zilizobaki za wiki hiyo. Vitu vingi vilishuka Kaptembwo kwa mkokoteni, vingine vikaenda kwa watu wa kanisa waliohama kutoka upande uleule. Vilivyobaki vilikuwa vichache kuliko tulivyowahi kuota. Mbao za kitanda cha zamani cha watoto zikawa rafu. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limetupa nje paleti za mbao zilizovunjika, mke wangu akaziomba, nikazing'oa misumari na kuinyoosha juu ya jiwe. Vibuyu vya mafuta vya plastiki tulivikata midomo tukavitundika, kimoja cha misumari, kimoja cha mbegu, kimoja cha vitu ambavyo hakuna anayejua ni vya nini lakini hakuna anayekubali vitupwe. Majembe tuliyaning'iniza kwa vipande vya mpira wa tairi. Tulinunua chokaa tu. Mama alipaka mwenyewe sehemu ya chini ya ukuta, akiwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, na mke wangu akapaka sehemu ya juu. Walikuwa wanaongea mambo yao na kunyamaza nikikaribia.

Ule mlango wa buluu tuliulaza juu ya mapipa mawili, ukawa meza. Nilimuuliza kama ana uhakika.

"Mlango uliosimama bila nyumba ni wa kazi gani?" alisema. "Wacha ulale. Umechoka."

Siku hizi gari bado linalala chini ya jakaranda. Tulilijaribu mara moja, likaingia vizuri kabisa, lakini jioni iliyofuata mama alikuwa ameketi pale langoni akichambua maharagwe juu ya mlango wake, na kwa namna mwanga ulivyokuwa unamwangukia, mke wangu aliniashiria nirudi nyuma. Jirani wa Kaptembwo huja Jumapili baada ya ibada. Wanasuka vikapu, au wanasema wanasuka.

Mwezi mmoja baada ya kupanga gereji, mama aliniomba nimpeleke aone maji. Tulisimama mahali ambapo barabara inaingia ziwani na kupotelea humo. Nguzo za ua zilionekana zikienda zikizama, na mbali kidogo palikuwa na paa la mtu, na ndege aina ya mwari wamejipanga mstari juu yake. Mama aliangalia kwa utulivu, akinyoosha kidole, akinionyesha ni wapi palikuwa pa nani. Alipofika kwake alisema tu, "Pale," kisha akaendelea na nyumba iliyofuata. Alipomaliza majirani wote aliomba turudi. Njiani aliniambia nisimame kwa mama anayeuza karoti kando ya barabara, akashuka, akabishana bei hadi wote wawili wakacheka, akarudi garini na fungu kubwa lenye majani yake, na gari lote likanukia shamba.