Suje Niliyoandika Bila Mama

Mwaka wa tatu wa sosioloji, kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka suje ya kazi yake ya mwisho: swali moja kuhusu maisha ya watu wa kwetu, alichunguze na kuliandika. Wenzangu walipeleka tatu tatu ili mwalimu achague. Mimi nilipeleka moja: "Namna mashemeji wanavyonyang'anya wajane mashamba, kijijini Mutarule."

Mwalimu aliyepewa kuniongoza alikuwa mtu mwembamba, mwenye tabia ya kusoma karatasi za wanafunzi kwa sauti mbele ya wote. Yangu aliisoma mara mbili.

"Hii haiko suje," alisema. "Iko mashitaka. Umeisha kukata neno mbele ya kuuliza hata muntu mumoja."

Darasa likacheka. Nilimjibu kwamba ninajua ninachosema, maana mama yangu ni mmoja wa wajane hao.

"Basi ni mubaya zaidi." Akanirudishia karatasi kwa ncha za vidole. "Enda uulize kwanza. Ukirudi mikono mitupu, nitakupa usafi wa soko."

Usafi wa soko ndiyo suje aliyowapa wote aliowadharau. Nilitoka nikiwa nimeuma meno.

Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Muda mfupi baadaye mama alituchukua sisi watoto watatu, tukahama Mutarule na kuja Uvira, akaanza kuuza ndagala kavu, dagaa wa ziwani, katika soko la Kimanga. Shamba letu la mahindi na mihogo lilibaki mikononi mwa baba mdogo, ndugu wa baba. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba aliliiba. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Nilikua nikimchukia kama vile wengine wanavyokua wakijua kuogelea.

Nilipomweleza mama suje yangu, alikuwa kibandani pake, akichambua ndagala na kutupa zilizovunjika.

"Andika soko," alisema bila kuinua macho. "Andika maji. Mutarule uache."

"Sababu gani?"

"Sababu minye nimesema."

"Mama, weye ulinyamaza. Ndiyo maana walikula shamba yako."

Sikuwa nimewahi kusema naye hivyo. Aliendelea kuchambua. Mteja alipofika alimpimia, akamshukuru, akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Mimi hakunitazama tena siku ile.

Jumamosi nilipanda pikipiki mpaka Mutarule, kaye yangu ya kuandikia majibu kifuani ndani ya blauzi. Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani. Alisimamisha jembe ukutani, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani. Kiti hakunipa.

"Nilisikia unakuja kuniandika."

"Nakuja kuuliza. Shamba ya baba uliipata namna gani?"

Nilitegemea atafoka. Badala yake aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Iliandikwa kwa mkono wa karani wa shefu wa kijiji, na chini kulikuwa na alama ya kidole cha mama. Niliisoma nimesimama. Mjane anaiachia familia ya mumewe shamba lote. Familia inamwachia mjane watoto watatu, aende nao anakotaka.

"Kwa desturi yetu watoto ni wa ukoo wa baba," alisema. "Mungebaki hapa, yeye angeenda peke yake. Nilimuambia achague. Sikumaliza hata kusema, akatia kidole."

"Na hiyo unaiita kuchagua?"

"Andika vile unapenda. Lakini andika na hii: shamba ile ndiyo weye na ndugu zako." Akarudisha karatasi ndani ya mfuko. "Sasa toka kwangu."

Nilitembea mpaka barabara kuu. Ile chuki haikupungua hata kidogo. Mwizi ningeweza kumsahau siku moja. Huyu alikuwa ameweka watoto wa marehemu kaka yake upande mmoja na mihogo upande wa pili, kisha akatafuta karani.

Mama alijua nilikotoka kabla sijafungua kinywa.

"Amekuonyesha," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote mulijua tuliibiwa. Ilikuwa muzuri vile. Sikutaka mutoto wangu akomae akijua bei yake." Kisha, kwa sauti ya kukata: "Kwenye kitabu chako usinitie. Hata mustari mumoja."

Nilitaka kumshika mkono. Akauvuta.

Jumatatu nilipeleka karatasi mpya: "Makubaliano kati ya wajane na familia za waume wao kuhusu mashamba na watoto, katika bonde la Ruzizi." Mwalimu aliisoma kimya, akafuta neno moja, akatia sahihi.

"Mama yako utamuuliza?"

"Hapana."

"Muzuri."

Niliuliza wanawake wa vijiji vingine. Wawili walinifukuza. Mmoja aliniambia kwamba wanafunzi tunakuja kama kunguru, tunadonoa tunaruka. Wengine walikuwa na karatasi zao pia, zimekunjwa ndani ya Biblia au kwenye mfuko wa chumvi, na walisema kwa vituo virefu, kama watu wanaotembea penye matope.

Siku ya kuitetea kazi yangu mbele ya walimu, mama hakuja. Alifungua kibanda kama kawaida. Mwalimu wangu aliniuliza, ukumbi wote ukisikia, kama kweli mashemeji wananyang'anya.

"Kuna wanaonyang'anya," nilisema. "Na kuna wenye karatasi."

"Na weye unaonaje?"

"Naona wenye karatasi ni wabaya zaidi."

Aliandika kitu. Baadaye, koridoni, aliniambia mwenyewe kwamba amenipunguzia alama kwa jibu lile, kwa sababu mtafiti hahukumu. Nilimwambia azipunguze zote, nikaenda zangu.