Siku Elia Alipokataa Kuitika

Kuna sauti moja ambayo mpaka leo hunifanya niache chochote ninachokifanya: mtu anapopuliza kipaza sauti kabla ya kusema. Fuu, fuu. Kisha mkoromo kidogo, kisha kimya, kisha mtu anakohoa. Sasa naishi Kawe, na msikiti uko mbali na kwangu, lakini upepo ukivuma upande wetu sauti hiyo hunifikia jikoni, nami husimama na mwiko mkononi mpaka nisikie kinachotangazwa. Mara nyingi ni msiba, au mkutano wa mtaa, au mbuzi wa mtu ameonekana. Narudi kwenye sufuria, ila moyo huchukua muda kutulia. Wanangu hunicheka. Wao hadithi hii wameichoka, kwa hiyo nawapa ninyi.

Tulikuwa tukikaa Tabata, upande wa bondeni, kwenye nyumba ambayo baba aliijenga chumba kwa chumba kadiri alivyojaliwa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Njombe, Mlutheri wa kuzaliwa, na machoni pake hakikuwepo kitu kisicho na mahubiri ndani yake. Kombamwiko akikimbia taa ilipowashwa, hiyo ilikuwa dhambi. Ndoo iliyotoboka ilikuwa Mkristo anayesikia neno kanisani likamwishia njiani. Luku ikianza kupiga kelele kwamba umeme unaisha, baba aliinua kidole: "Sala ndivyo ilivyo. Usingoje giza ndipo ukimbilie dukani." Mama alimpenda sana mumewe, lakini alipenda pia chakula kiliwe cha moto. "Mwalimu, sema amina," alikuwa akimwambia. "Mboga inapoa."

Kila jioni kabla ya kula tulifanya ibada sebuleni, na kila mtoto alitakiwa kutoa funzo la siku: kitu alichokiona kwa macho yake, na Mungu anasema nini ndani yake. Mimi, Tumaini, nilikuwa mkubwa, kwa hiyo nilianza. Siku moja nilisema nimeona kunguru akiiba samaki kwenye karai la mama mkaangaji. Baba alifumba macho, akawaza, akasema kunguru tumwache mpaka kesho. Hajamrudia mpaka leo. Mdogo wangu Elia, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, hakuwahi kukosa funzo, kwa sababu alirudia la baba la jana neno kwa neno. Elia alikuwa mtoto wa kushika. Ukimwambia kitu, umemwambia moja kwa moja.

Funzo lililotuletea balaa lilianzia sokoni Buguruni. Baba alikwenda nasi kununua sare za shule, akamwona mtoto wa mtu akilia katikati ya umati, anakimbia huku na huku, na kila akikimbia anazidi kumpotea mama yake. Jioni ile ibada ilikuwa ndefu. Baba alitueleza habari za kondoo aliyepotea na mchungaji aliyewaacha wengine kumfuata, akaunganisha na yale maneno ya Yesu kuhusu kondoo wanaomjua mchungaji wao kwa sauti. Akasema: mkipotea, simameni hapo hapo. Msitembee. Na mtu mgeni akiwaita, hata akiwaita kwa majina yenu, msimwitikie, maana mwizi wa watoto naye anaweza kulijua jina. Ngojeni sauti yangu.

Na kwa kuwa alikuwa mwalimu, alitupa zoezi. Tulijificha nyuma ya nyumba, akamtuma jirani mmoja kijana atuite. Tukanyamaza. Akamtuma mwingine atuite na kutuahidi pipi. Mimi pipi ilinigusa kidogo, lakini Elia alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha baba mwenyewe akasema, "Kamwene," salamu ya kwao Njombe, aliyotusalimia nayo kila akitoka kazini, na sisi tukatoka mbio tukimrukia. Baba alifurahi. Alilipeleka funzo lile mpaka kwenye jumuiya, wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Sasa habari ya msikiti. Ulikuwa nyuma ya nyumba ya jirani yetu Bi Zuhura, na spika yake moja ilitazama dirisha la chumba cha baba. Baba alivumilia alfajiri nyingi, kisha akaenda kwa mjumbe wa mtaa kuomba igeuzwe. Mjumbe akasema litaangaliwa. Spika haikugeuzwa, na maneno yakamfikia Mzee Shabani, muadhini, kwamba Mwalimu amewashitaki. Tangu hapo waliendelea kusalimiana, maana kwetu kupitana bila salamu ni tusi, lakini salamu zenyewe zilikuwa kavu. Baba akaanza kupita njia ya mzunguko kwenda dukani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya masika. Mvua ilinyesha tangu usiku, ikapumzika mchana, ikaacha mawingu meusi upande wa bondeni na mitaro imejaa hadi ukingoni. Baba alikuwa shuleni na darasa lake la mtihani. Mama alikuwa akikanda unga, nami nikimsaidia. Elia alikuwa akicheza kibarazani na wenzake. Ikapita baiskeli ya aiskrimu na muziki wake wa kujirudia, watoto wakaifuata kama ilivyo ada, wakafika kona, wakarudi. Wakarudi wote isipokuwa Elia. Baba alikuwa ametuonya habari za sauti ya mgeni, lakini hakusema neno kuhusu muziki.

Mwanzoni hakuna aliyeshtuka. Mama aliita mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili kwa hasira, na mara ya tatu nikasikia kitu kwenye sauti yake kilichonifanya niuache unga. Tukazunguka nyumba. Tukaenda kwa Bi Zuhura, mwanamke mnene wa Lindi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, naye akafunga kanga kiunoni bila kuuliza swali la pili. Muda si muda uchochoro mzima ulikuwa unaita, na spika ya msikiti nayo ikatangaza. "Elia! Elia wee!" Vijana wa kijiweni waliliacha bao lao. Wanaume walikwenda kwenye mitaro na fito wakichoma maji, na kila ufito ulipogota kitu mama alishika kichwa. Kilikuwa kiroba, au gurudumu, au tawi. Huko bondeni palikuwa na viwanja vya watu walioanza kujenga wakaishia njiani, mapagale yenye mashimo ya choo yaliyojaa maji ya mvua, bila mfuniko. Kila mtu alikuwa akiyafikiria mashimo yale, na hakuna aliyeyataja mbele ya mama.

Baba alifika mvua imeanza tena, nyembamba. Alikwenda barabara ya lami, akarudi, akaenda upande wa kanisa, akarudi. Alikuwa ametapakaa tope mpaka magotini na sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Ndipo Bi Zuhura naye aliporudi kutoka bondeni, amelowa, akasema maneno ambayo kwake yalikuwa ya faraja.

"Kule hayupo, Mwalimu. Sie tumeita pagale hadi pagale. Angekuwepo angeitika."

Nilimwona akilini Elia na viganja vyake viwili mdomoni. Nikamshika baba shati nikasema, "Baba, Elia haitiki. Ulimwambia asiitike."

Baba alinitazama. Sijawahi kuona tena uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alikaa chini, pale pale kwenye tope mbele ya watu, mwalimu mzima, akawa anarudia kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi ndiye niliyemfundisha." Mama alisimama juu yake. Mvua ikaongezeka.

"Inuka," Bi Zuhura alisema. "Kama anaitaka sauti yako, basi tumpelekee. Kwa mdomo huo uliokauka itafika wapi? Ya pale," akaonyesha spika kwa kidevu, "inafika mpaka ng'ambo ya bonde."

Baba aliitazama spika ile. Kisha akainuka akaenda, nami nyuma yake, nikikimbia ili nisiachwe.

Mzee Shabani alikuwa kibarazani anamalizia udhu, maana magharibi ilikuwa inakaribia. Baba alisimama chini ya ngazi na viatu vyake vya tope mkononi. Nadhani alikuwa ameandaa maneno ya kuomba radhi njiani, kwa sababu alianza, "Mzee wangu, kuhusu lile jambo la mjumbe..."

"Mtoto amepatikana?" Mzee Shabani alimkatiza.

"Bado."

"Mie nimeshatangaza mara mbili. Nikawa najiuliza, Mwalimu mbona haji?" Alijipangusa mikono. "Panda."

Baba akamweleza kwa maneno yanayogongana kwamba mtoto hatamtokea mtu mwingine. Mzee Shabani hakumwacha amalize. Alimshika kiwiko akamwingiza kwenye chumba kidogo cha pembeni chenye amplifaya. Mimi nilibaki mlangoni. Nilisikia fuu, fuu. Nilimsikia Mzee Shabani akisema, "Sogea karibu, usiogope." Baba, ambaye aliweza kuhubiri juu ya ndoo, hakupata neno la kuanzia.

Halafu Tabata yote ikasikia: "Kamwene."

Ilitoka imepasuka katikati. "Elia, kamwene, mwanangu. Ni baba. Unanisikia, ni baba. Sikiliza. Yale niliyokuambia, yaache. Mtu yeyote atakayekuita sasa, mwitikie. Mtu yeyote. Wote hao nimewatuma mimi." Akavuta pumzi, na pumzi yenyewe ikasikika mtaani. "Wote ni watu wangu. Waitikie, mwanangu." Akarudia tena, na mara ya pili hakuweza kufika mwisho.

Tulisubiri. Wakati wa adhana ulikuwa umefika, nilijua, maana misikiti ya mbali ilianza. Mzee Shabani alisimama kando ya baba na hakugusa kitu. Watu waliokuja kuswali nao walisimama kimya na mvua ikiwanyeshea. Sijui ulikuwa muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko utoto wangu wote uliobaki.

Aliyemleta alikuwa mama mmoja muuza mkaa kutoka ng'ambo ya bonde, mtu tusiyemjua kabisa. Alikuja amembeba mgongoni kwa kanga, yeye mweusi wa vumbi la mkaa lililolowa, na Elia mweusi vilevile, shavu limelala begani pake. Alitueleza huku anahema. Alikuwa akianua viroba vyake visilowe. Aliposikia tangazo la kwanza aliliita lile jina kwenye pagale la karibu, akaita tena, kimya, akaenda zake. Baadaye, spika iliponyamaza, akamwona mtoto amesimama mlangoni mwa lile pagale, maji yamemfika magotini, na hatua chache nyuma yake shimo ambalo huwezi kulitofautisha na sakafu. Mtoto akamuuliza, "Umetumwa na baba?"

"Nikamwambia, ndiyo baba, nimetumwa. Njoo," alisema yule mama.

Baba alimpokea Elia. Mama yetu, aliyekuwa ametufuata msikitini, ndiye aliyelia. Mzee Shabani aligeuka akaingia kuadhini, amechelewa, na baba alisimama pale pale uani mpaka mwisho wa adhana akiwa amemkumbatia mtoto, mvua inawanyeshea.

Jioni ile tulikaa kwenye ibada kama kawaida, lakini baba hakuuliza funzo. Alisema tusali, na sala yake ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Mama alipakua chakula kikiwa cha moto na hakuna aliyefurahia. Baada ya hapo mahubiri yalirudi polepole, hata ndoo ilirudi, na mtaa ulimpa jina: mpaka anastaafu walimwita Mwalimu Kamwene. Alilichukia kidogo, akalizoea.

Lakini mimi usiku ule nililala na shida yangu. Baba alikuwa amesema uongo. Nilijua vizuri hakuwatuma watu wale. Wengi hakuwajua hata majina, na yule muuza mkaa hakuwahi kumwona maishani. Na aliusema ndani ya nyumba ya ibada, kwa kipaza sauti. Yule mama naye alisema uongo ule ule kwa mtoto. Nilimwonea baba huruma kwa dhambi ile, nikamwombea, na kwa miaka mingi sikuthubutu kumuuliza.

Sikumuuliza mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe. Siku moja nilichelewa kazini, mvua, simu imezima, na nikafika shuleni nikamkuta mwanangu wa mwisho amekaa ndani ya kibanda cha mlinzi, amefunikwa koti la mlinzi, anakula mkate wa mlinzi. Sikuwa nimemwomba mlinzi yule kitu. Nilipomshukuru alishangaa. Wiki hiyo nikaenda kwa baba, sasa mzee, nikamuuliza kama aliwahi kutubu kwa maneno yale ya msikitini.

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia, akapangusa macho.

"Niliposema nimewatuma mimi, sikujua nasema nini. Nilitaka mtoto tu," alisema. "Lakini walikuwa wametumwa, Tumaini. Nilichokosea ni mtumaji."