Sanduku la Bati la Lorena Stuckey

Zilipobaki dakika tatu, Lorena Stuckey aliinuka. Kwa miaka kumi na minne, kila Februari, katika kila mji ambako ligi ya mpira wa kikapu ilipeleka mchezo wake wa nyota, Mashariki dhidi ya Magharibi, yeye ndiye aliyepita kwenye meza ya waandishi na sanduku la bati, akikusanya karatasi kumi na moja za kumchagua mchezaji bora. Kura zilikusanywa mapema kwa sababu kombe lilipaswa kukabidhiwa papo hapo, kabla watu hawajakimbilia magari yao.

Safari hii ilikuwa Evansville, Indiana. Mashariki walikuwa mbele kwa pointi tisa. Garnell Pickett, kijana wao wa miaka ishirini na miwili, alikuwa amefunga thelathini na nne.

"Dada Lorena, unajichosha," alisema Haggerty, mwandishi kutoka Louisville, akitumbukiza karatasi yake. "Mwambie fundi achonge jina la Pickett kwenye kombe, tukale."

"Wewe kila mwaka una njaa," Lorena alijibu, akafunga kufuli.

Kisha Pickett akapoteza mpira. Akapoteza tena. Magharibi wakasawazisha zikiwa zimebaki sekunde nne. Pickett alichezewa rafu, akapewa mitupo miwili ya adhabu, akakosa yote.

Ikaongezwa dakika tano. Humo Dewitt Lasker, mkongwe wa Magharibi mwenye miaka thelathini na saba na goti lililofungwa bandeji, akaanza kufunga. Nne. Saba. Tisa. Kila mtu ukumbini alijua kwamba huu ulikuwa mchezo wake wa nyota wa mwisho.

Haggerty alikuja ameinama ili asiwakinge watu. "Nirudishie karatasi yangu."

"Limefungwa."

"Na ufunguo uko shingoni mwako, nauona."

"Basi uangalie vizuri, maana hutaushika."

Nyuma yake walikuja wengine watano. Halafu akaja Toomey, msimamizi wa michezo wa ligi na bosi wake Lorena. Hakuketi.

"Fungua, Lorena. Tukimpa yule kijana kombe, watu elfu kumi watatuzomea."

"Kanuni inasema dakika tatu, bosi."

"Haisemi lolote kuhusu muda wa nyongeza."

"Basi haisemi nifungue."

"Umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Unaukumbuka?"

Aliukumbuka. Alikumbuka pia mchezo wa Dayton, miaka sita nyuma, alipofungua sanduku kwa ajili ya mwandishi mmoja tu, aliyembembeleza kwa upole. Kura moja ilihama. Mchezaji aliyekwisha kuitwa karibu na meza ya kombe aliambiwa arudi benchi. Mama yake alikuwa amesimama jukwaani, mikono tayari kupiga makofi, na alichelewa kuelewa.

Lorena aliweka sanduku mapajani, akalifunika kwa koti lake. Toomey alisimama palepale. Saa ilisoma sekunde arobaini, kisha kumi na moja. Lasker akafunga tena. King'ora kikalia, na Magharibi wakashinda kwa pointi mbili.

Alifungua mbele ya mashahidi wawili, kama ilivyotakiwa. Pickett, saba. Wengine wote, nne. Lasker hakuwa na hata moja.

Jina liliposomwa, ukumbi ulizomea mpaka kipaza sauti kikamezwa. Pickett alitembea kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu. Akirudi na kombe, alisimama mbele ya Lorena.

"Mama, hawa waliopiga kura walikuwa wanaangalia mchezo gani?"

"Ule uliocheza kabla sijapita na sanduku. Ulikuwa mzuri."

"Na Lasker?"

"Yeye alichelewa. Kamwambie mwenyewe, atakucheka."

Pickett alikwenda. Lasker alikuwa sakafuni akifungua bandeji. Alisoma jina kwenye kombe, akalipima uzito kwa mkono mmoja, akamrudishia. Alicheka kweli.

Jumatatu Toomey alitimiza kitisho chake: alimwondoa Lorena kwenye kazi ya sanduku, naye akamalizia mwaka wake kwenye chumba cha tiketi. Februari iliyofuata sanduku lilibebwa na mtu mwingine. Kanuni ilikuwa na mstari mpya: mchezo ukiongezewa muda, kura hupigwa upya. Mstari huo aliuandika Lorena. Toomey ndiye aliyeteremka hadi chumba cha tiketi kumwomba, kwa kuwa hapakuwa na mwingine ofisini aliyeijua kanuni yote bila kuisoma.