Mguu Ulionukia Kama Harusi

Ngrrrrrr. Hivyo ndivyo ulivyolia msumeno wa kukata plasta, na mpaka leo bucha ya jirani ikianza kusaga nyama, mguu wangu wa kulia hujikunja wenyewe chini ya meza. Mtu wa plasta alikuwa ameniambia msumeno ule haukati ngozi, unatikisika tu. Nikamwambia sawa, halafu nikamshika shati kwa mikono miwili asije akasahau.

Lakini nimeruka. Mguu wenyewe niliuvunja nikiwa ndani ya ndege. Ndege ya kichwani mwangu, yaani. Nilikuwa naosha nywele za wateja kwenye saluni moja hapa Munyaka, mtaa wa Eldoret, na ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kuwa mhudumu wa ndege. Ndege ikipita juu ya mabati yetu nilikuwa nanyoosha shingo, mpaka mwenye saluni anapiga kelele, "We Kapteni, abiria wako anaingiwa na sabuni machoni!" Siku hiyo hakukuwa na mteja. Nikavaa viatu virefu ambavyo mtu alikuwa amevisahau, nikabeba sinia ya vibanio, nikaanza kupita katikati ya viti vitupu. "Chai ama soda, madam? Chai ama soda?" Kufika kiti cha mwisho, nikakanyaga maji ya shampuu. Kifundo kikalia kama bua la mahindi makavu.

Hospitali moja ya mjini wakaniweka chuma na skrubu. Kwa upasuaji wenyewe sina neno, walinishona vizuri. Kuna daktari hata alinitania kwamba hicho chuma kitalia nikipita kwenye mashine za kiwanja cha ndege. Nikafurahi sana. Niliona ni kama ameniajiri.

Shida ilianza walipomaliza. Walifunga kidonda, wakafunga na mguu kwa plasta nzima kama ukuta wa jela, bila dirisha. Sista akaniambia, "Usilowanishe, usikanyage, rudi kliniki baada ya wiki mbili."

"Na kidonda je?"

"Kiko ndani," akasema, kama vile nilikuwa nimeuliza kilipo.

Wiki mbili zikaisha, tukaenda na mama. Daktari wa mifupa alikuwa semina. Tukaambiwa turudi wiki inayofuata. Tukarudi, wakasema ametoka semina lakini kiti chake bado hakijatoka, sijui kilikuwa kinatengenezwa wapi. Mimi sikujali sana. Nilikuwa na imani na watu waliovaa koti jeupe, nikijua hata mimi siku moja nitavaa sare na watu waniamini.

Nyumbani sasa, kulikuwa na wageni. Mimi na mama yangu tunaishi chumba kimoja, yeye anauza mboga na omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Kwetu mgonjwa ni wa kila mtu. Anatembelewa na akina mama wa kanisa kwa zamu, wakiwa na mkate, sukari na unga, na kila mmoja ana hospitali yake kichwani. Mmoja alisema ninywe supu ya kwato. Mwingine akasema supu ya kwato itafanya mguu uote kwato, ninywe mursik, maziwa ya kibuyu. Kisha kila mmoja aliweka mkono kwenye plasta akaomba, halafu akaandika juu yake neno la kunitia moyo kwa kalamu. Baada ya muda mguu wangu ulikuwa kama ubao wa matangazo ya kanisa. Nafasi ilipoisha, mwenyekiti wao akaandika jina la kikundi kwenye kisigino, na namba ya mtu wa kukodisha hema.

Hapo ndipo harufu ilianza. Mwanzoni tulilaumu omena. Mama akahamisha ndoo ya omena nje, harufu ikabaki ndani. Akainama kwenye vidole vyangu, akainuka haraka, na sijawahi kumwona amekunja uso hivyo.

"Ni jasho," akasema.

"Mama, na hii homa?"

"Ni baridi ya Eldoret. Na kesho mwenyekiti anakuja na wageni kutoka Kesses. Wakisikia harufu watasema nimemlaza mgonjwa kwenye uchafu."

Mama yangu hana anasa yoyote duniani isipokuwa chupa moja ya marashi ya Jumapili. Anajipaka tone moja nyuma ya sikio, anafunga kifuniko kama anafunga benki. Siku hiyo alichukua pamba, akailowesha kabisa, akaisokomeza vipande vipande ndani ya plasta kwa mpini wa mwiko, juu na chini. Alikuwa analia kidogo. Mimi nilimwambia ananichekesha, na kweli alikuwa ananichekesha, lakini pia nilikuwa nasikia mguu ukigonga ndani kama mtu aliyefungiwa chooni.

Wageni walifurahi sana. "Haki huyu mtoto anatunzwa!" mwenyekiti akasema. "Wagonjwa wengine ukiingia tu unatamani kutoka." Wakaimba, wakala mkate waliouleta wenyewe, wakaenda.

Kliniki ya wiki hiyo nilikwenda nikinukia hivyo hivyo. Kwenye benchi nilikaa karibu na mzee mmoja kutoka kijiji cha Ziwa, ambaye ng'ombe alikuwa amempiga teke akamvunja mkono. Akanusa hewa.

"Msichana, wewe unanukia kama harusi. Bwana harusi ni nani hapa? Si mimi?"

"Mzee, wewe mkono mmoja utanivisha pete na nini?"

Benchi nzima ikacheka. Sista wa mlangoni hata hakuinua macho. Aliangalia plasta kwa mbali, akasema, "Safi, inanukia vizuri. Daktari ameitwa thieta kupasua mtu. Wiki ijayo." Nikamwambia ninasikia homa. Akasema Eldoret kuna baridi.

Waliogundua ukweli ni nzi. Nilikuwa nimelala mchana, mkate wa akina mama uko mezani bila kufunikwa, na nzi wanaupita. Wanapita mkate, wanapita sukari, wanatua kwenye vidole vyangu. Nilivitazama hivyo vidole, vimevimba, vinang'aa, na kwa mara ya kwanza ile ndege ya kichwani haikuruka. Nikawaza nikitembea kati ya viti na mguu mmoja. Nikawaza sinia imeanguka. Homa yangu ilikuwa inapanda na mimi nilikuwa naipeleka hospitali imejipaka marashi.

Siku ya kliniki mama akaja na chupa.

"Mama, leo hapana."

"Unataka niaibike mbele ya watu?"

"Nataka wanuse."

"Wanuse nini? Si wao ndio walifunga?" Akasimama na ile chupa yake, imebaki tone chini, na nikaona haogopi watu hata kidogo. Alikuwa anaogopa mguu. Marashi yalikuwa yanamsaidia yeye kutojua. Sikubishana naye. Alipotoka kutafuta boda, nikachomoa pamba zote kwa mpini wa mwiko, moja moja, nikazitupa nje ya dirisha.

Kwenye benchi ya kliniki watu walianza kusogea. Kwanza mmoja, akajifanya anaangalia simu. Halafu wawili. Mwishowe nilibaki peke yangu na mama yangu kwenye benchi ya watu kumi, mama ameficha uso kwenye leso. Mzee wa Ziwa alikuwepo tena, amesimama ukutani.

"Bibi harusi," akaniita, "leo sherehe imeharibika?"

"Imeharibika zamani, Mzee. Leo tu ndio nimefunua sufuria."

Akageukia mlango akapiga kelele, "Sista! Huyu mtoto aingie sasa hivi! Sio kwa huruma, sisi tunataka kupumua!" Foleni yote ikaitikia, aingie, aingie. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa mara moja. Sista akainua macho, kisha akainua leso. Na daktari, ambaye asubuhi tulikuwa tumeambiwa yuko mbali sana, akatokea chumba cha pili akiwa na kikombe cha chai.

Ndiyo sasa msumeno. Ngrrrrrr, ukakata mistari ya maombi, ukakata namba ya hema, ukafika kisigino. Plasta ikafunguka. Nyuzi zilikuwa bado pale pale, zimezama kwenye usaha.

"Kwa nini mmechelewa kuja?" daktari akauliza.

"Tumekuja kila wiki," mama akasema, polepole sana.

Daktari akamtazama sista. Sista akamtazama mtu wa plasta. Mtu wa plasta akautazama msumeno wake, na kwa kuwa msumeno haukuwa na wa kumtazama, kesi ikaishia hapo. "Tungekawia kidogo," daktari akasema, "tungekuwa tunaongea habari ya kukata." Nikalazwa, nikarudishwa thieta, wakaosha, wakatoa skrubu moja. Chuma kimebaki. Kitalia kiwanja cha ndege, nimeuliza.

Waliponiruhusu kurudi nyumbani hawakunifunga plasta tena. Waliniambia nisafishe kidonda, na nilipouliza kwa nini, nilipata jibu refu kweli, maana safari hii nilikataa kushuka kitandani mpaka nijibiwe.

Asubuhi moja, kidonda kikiwa kimeanza kufunga, mama alikwenda sokoni. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe. Nikafungua bandeji. Chupa ya marashi ilikuwa dirishani, tupu, mama hajaitupa. Niliosha mguu taratibu kuuzunguka mshono, nikaukausha, nikaukunja mpaka nikaweza kuinama juu yake.

Nikanusa. Ulinuka mguu tu.